Mpini Namba 5

Raketi yangu niliinunua Karume, pale Ilala, kwenye rundo la mabegi ya shule na viatu vya mpira. Muuzaji alianza na elfu arobaini, nikamwambia ana utani, tukamalizana kwa elfu kumi na tano. Nyuzi zilikuwa nzima, rangi imebanduka kidogo kichwani. Chini kabisa, kwenye kitako cha mpini, palichapishwa namba moja: 5. Sikuuliza. Nilidhani ni mambo ya kiwandani huko, sijui toleo la ngapi. Nikapanda daladala mpaka Mbezi, nikaunganisha la Kibaha, nikashuka Picha ya Ndege na raketi imechomoza kwenye mfuko kama mpini wa jembe. Miezi minne baadaye namba ile ilikuwa imenifanya nimseme vibaya mtoto wa watu.

Kwa wasiopajua kwetu: Picha ya Ndege ni kata ya mji wa Kibaha, kando ya Barabara ya Morogoro, na jina lenyewe halikuambii kama ndege anayesemwa ni wa manyoya au wa injini. Kiwanja cha tenisi hatuna. Tuna sakafu ya saruji ya ghala ambalo halikumaliziwa, nyuma ya shule ninayofundisha, na kamba ya manila tunayoifunga toka nguzo hii hadi ile. Jioni nacheza na walimu wenzangu wawili, watoto wakija tunawapa zamu. Miongoni mwao alikuwapo binti wa jirani, darasa la sita, mwenye macho ya kuuona mpira kabla yetu sote. Ila kila akipiga, raketi ilimzunguka mkononi. Mpira ukigusa pembeni kidogo tu ya nyuzi, raketi inageuka kama mlango uliong'oka bawaba. Nikamwangalia wiki tatu, nne, kisha nikatoa hukumu mbele ya wenzake: "Mwanangu, macho unayo, lakini mkono wa tenisi huna."

Akasema, "Sawa mwalimu." Akarudisha raketi kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa nyumbani. Kesho yake hakuja, wala keshokutwa.

Siku hizohizo mkono wangu mwenyewe ukaanza kunisema. Maumivu yalikaa upande wa nje wa kiwiko, yakateremka kama uzi mpaka kwenye kifundo. Kuinua kikombe cha chai ilikuwa shughuli. Ulikuwa msimu wa mitihani, nina madaftari mia na kitu ya kusahihisha, na kila alama ya vema ilinitoa "aii" ya chinichini. Mwenzangu mmoja akacheka: "Hiyo ndiyo tenisi elbo, mwalimu. Ugonjwa wa matajiri." Basi nikaanza kusoma habari zake, na huko ndiko nilikokutana na namba yangu.

La kwanza nililolikuta litawafurahisha wasomaji wa ukurasa huu, maana wengi wetu tunaishi kwa kuandika. Daktari anayetajwa kuwa wa kwanza kuyaeleza maumivu haya ni Mjerumani, Ferdinand Runge, mwaka 1873, na hakuwa akizungumzia wacheza tenisi. Alikuwa akiandika juu ya mkakamao wa mkono unaowapata waandishi. Tenisi ya majanini tunayoijua leo ilikuwa bado haijasajiliwa. Meja Walter Clopton Wingfield aliipatia hataza London mwaka 1874, akaipa jina la Kigiriki, Sphairistikè, ambalo hata Waingereza wenyewe liliwashinda kulitamka. Kwa hiyo ugonjwa uliutangulia mchezo, na uliingilia kwenye kalamu. Mwaka 1883 ndipo jarida la madaktari wa Uingereza lilipochapisha habari ya "kiwiko cha tenisi", na tangu hapo mchezo ukabeba lawama yote, kalamu ikasahaulika. Mimi nilikuwa navyo vyote viwili, raketi ya Karume na kalamu nyekundu ya serikali, kwa hiyo sina hakika nimshitaki nani.

Kalamu lakini haiandikwi namba kitakoni. Raketi inaandikwa, na namba ile ni kipimo cha mzunguko wa mpini. Wamarekani hupima kwa inchi, kuanzia 4 hadi 4⅝. Wazungu wa Ulaya wakazifupisha ngazi hizo kuwa namba 0 hadi 5. Kutoka ngazi moja hadi nyingine ni sehemu moja ya nane ya inchi, kama milimita tatu. Ukipiga hesabu, kutoka mpini mwembamba kabisa wa mtu mzima hadi mnene kabisa ni milimita 16 tu. Unene wa kidole changu kidogo. Humo ndimo magomvi yote yalimo: wachezaji, madaktari, wenye viwanda, wote wanabishana ndani ya kidole kimoja.

Kwa nini milimita tatu ziwe na maana? Jaribu kubeba ndoo yenye kishikio chembamba cha waya, halafu ile yenye kishikio cha mbao. Mpini mwembamba mno unakulazimisha kubana ili raketi isizunguke, na kubana huko kunafanywa na misuli inayopita kwenye kiwiko. Mpini mnene mno nao vidole havifungi. Vinabaki wazi kama vya mtu aliyeshika mti wa mnazi, mkono unabana vilevile kwa hofu, na kifundo kinakosa uhuru wa kupinda. Kipimo cha mtaani ni rahisi. Shika raketi kama unavyochezea, kisha pitisha kidole cha shahada cha mkono wa pili katika nafasi iliyobaki kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikikaa sawasawa, mpini ni wako. Kisipoingia, ni mwembamba, na kikielea umeshika wa mtu mwingine.

Kipo kipimo cha pili, cha rula. Daktari mpasuaji wa Marekani, Robert Nirschl, alikieneza miaka ya 1970: unapima kutoka mstari wa katikati wa kiganja hadi ncha ya kidole cha pete, na urefu huo ndio mzunguko wa mpini wako. Nilijipima usiku uleule mezani. Sentimita 11.1, yaani namba 3. Nilikuwa nimecheza miezi minne na mkono wa jitu.

Ningependa kuishia hapo niseme namba ndiyo iliyoniumiza. Lakini mwaka 2006 watafiti wa Marekani, George Hatch na wenzake, waliwachukua wachezaji 16 wa vyuo, wakawapigisha mipira kwa mipini ya saizi tatu: ile ya kipimo cha Nirschl, iliyopungua robo inchi, na iliyozidi robo inchi. Walipima shughuli ya misuli ya mkono kwa umeme. Tofauti ya maana hawakuiona. Mimi nadhani hilo linatufundisha adabu kidogo kuhusu namba, ila tukumbuke walikuwa wachezaji wazima, wenye mikono iliyokwisha kufundishwa na isiyouma. Hakuwamo mwalimu wa makamo mwenye madaftari, wala mtoto wa darasa la sita aliyepewa mpini uliopita mkono wake kwa ngazi tano.

Mkono ndio ulioanza. Kabla ya raketi kuwapo, Wafaransa walicheza mpira huu kwa kiganja kitupu, na hata leo mchezo ule wa kale wanauita jeu de paume, mchezo wa kiganja. Baadaye wakavaa glovu, kisha wakaingiza raketi. Neno raketi lenyewe wapo wataalamu wanaolirudisha kwenye Kiarabu, raha, kwa maana ya kiganja, na wapo wanaolikataa jambo hilo kabisa na kulipeleka kwingine. Sina ubavu wa kuamua. Najua tu kwamba Kiarabu kina neno hilo kwa maana zote mbili, kiganja na starehe, na sisi Waswahili tulichukua starehe tukaacha kiganja.

Wingfield aliuza mchezo wake ndani ya sanduku: raketi, mipira, wavu, nguzo na kijitabu cha sheria. Miaka mitatu baadaye, 1877, mashindano ya kwanza ya Wimbledon yalichezwa, na masanduku kama yale yakafuata maofisa na wake zao kila bendera ya Uingereza ilikopepea. Raketi ilikuwa ya mbao, mara nyingi mti wa ash uliopindwa kwa mvuke. Mpini zamani haukuwa na ngozi. Ulikuwa mbao tupu iliyochongwa mifereji ili isiteleze kwa jasho. Na ulikuwa mnene. Watu walipiga mpira kwa mkono ulionyooka na kifundo kilichokazwa, mpira ukateleza chini kwenye majani, na kwa upigaji ule mpini mnene ulifaa. Mwanaume kucheza na 4⅝ lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

Kwetu raketi hizo ziliingia vilabuni, na vilabu vya ukoloni vilifuata rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao. Mwafrika aliingia kiwanjani akiwa na fagio, au roli la kusawazishia ardhi, au akiwa mtoto wa kuokota mipira. Hayo nilikuwa nikiyasoma kama historia ya vitabuni mpaka mwenzangu yule wa "ugonjwa wa matajiri" aliponiambia kwamba mzee mmoja anayekaa bondeni kwetu aliwahi kuokota mipira Dar es Salaam kabla ya uhuru.

Nikaenda Jumapili alasiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwalimu. Karibu, vuta kigoda."

Nilimweleza habari ya kiwiko. Alisikiliza huku akitikisa kichwa, kisha akaingia ndani, akakaa sana, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kanga iliyopauka. Ilikuwa raketi ya mbao, bado imebanwa katika fremu yake yenye skrubu nne pembeni. Zamani mbao ililazimika kubanwa hivyo ikilala, la sivyo unyevu wa pwani ungeipinda kama kapi la mnazi. Alipewa na bwana mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao uhuru ulipokaribia. Mpaka siku hiyo alikuwa na umri wa miaka kumi na tano au sita, na alikuwa anacheza kwa kujiiba, alfajiri, kabla wenye kiwanja hawajaamka.

Nikaigeuza. Shingoni, kwa herufi ndogo zilizofifia, iliandikwa 4⅝.

Ngoja niirudie hiyo. Raketi ya mbao ya bwana wa enzi ya ukoloni na raketi yangu ya plastiki na kaboni ya mtumba wa Karume, zimepishana miaka zaidi ya hamsini, na mpini ni uleule. Zote mbili zilipimwa kwa mkono wa mwanaume mkubwa wa mbali, kisha zikatufikia sisi alipokwisha kuzichoka.

Kilichonishangaza zaidi ni ngozi ya mpini. Ilikuwa karibu mpya. Imezeeka, imekauka, lakini haikuchakaa. Juu yake, pale ngozi inapoishia na shingo ya raketi inapoanza kuwa nyembamba, mbao ilikuwa nyeusi tii, imelainika, ina mng'ao kama mwiko wa zamani. Jasho la miaka.

"Mzee, ulikuwa unashika huku juu?"

"Sasa ningeshika wapi? Huko chini palikuwa hapashikiki. Mkono wenyewe ulikuwa huu." Akanionyesha kiganja chake, kifupi, kipana kidogo. "Wote tulishika juu. Tukaonekana tunacheza vibaya. Bwana mmoja alikuwa akicheka, anasema Waafrika wanashika raketi kama kijiko."

Nilibaki na ile mbao mkononi muda mrefu. Vitabu vingi vya historia ya michezo vitakwambia nani aliruhusiwa kuingia kilabu na mwaka gani. Mbao ile ilinionyesha wapi mkono ulikaa baada ya kuingia. Ukishika juu, raketi inakuwa fupi, mpira wa mbali huufikii, na pigo la kuanzia linapungua nguvu. Mtu atakutazama na kusema huna mkono. Ndicho nilichomwambia binti wa jirani, neno kwa neno, na mimi sina hata kisingizio cha kuwa bwana wa kilabu.

Bara letu lina kisa kingine cha raketi kubwa na mkono mdogo, na hicho kiliisha vizuri. Mwaka 1971 Arthur Ashe, Mmarekani mweusi aliyekuwa miongoni mwa wachezaji bora duniani, alipita Yaoundé, Kameruni, akacheza na mtoto wa miaka kama 11 aitwaye Yannick Noah. Alimpa raketi yake na akawapigia simu watu wa tenisi Ufaransa. Mtoto akachukuliwa kwenda kusoma na kufunzwa huko. Mwaka 1983 Noah alishinda mashindano ya Ufaransa, na hutajwa kuwa mwanaume wa mwisho kutwaa taji kubwa la tenisi kwa raketi ya mbao. Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya zawadi, na ni zawadi kweli. Ila kila nikikisoma sasa nawaza ule usiku wa kwanza, mtoto na raketi ya bingwa mzima kitandani, na vidole vyake visivyofunga. Kilichomwokoa si raketi peke yake. Alifika mahali palipokuwa na raketi nyingine na watu wa kumtazama mkono.

Mwaka uliofuata ushindi wa Noah mbao ilikuwa tayari ukingoni. Chuma na alumini vilikwisha kuingia, kaboni ikafuata, na mchezo ukabadilika. Raketi ikawa nyepesi, kichwa kipana, watu wakaanza kuusugua mpira kwa juu ili uzunguke na kudumbukia, na kwa pigo hilo kifundo kinataka uhuru. Mipini ikakonda. Rafael Nadal, yule mwenye mkono uliowatesa watu miaka ishirini, anajulikana kwa kucheza na namba 2. Roger Federer, namba 3. Namba 5 imebaki kuwa ya wachache, na ndiyo maana, nadhani, hujaa kwenye marundo ya mitumba. Wenye nazo huko wamezichoka.

Katika mabadiliko hayo kuna jambo moja halisemwi sana. Mbao unaweza kuipunguza. Ukiona mpini wa mbao umezidi, unafungua ngozi, unapiga randa, unafunga ngozi. Mpini wa kaboni umevikwa povu gumu lililomiminwa kiwandani, na ndani yake ni kaboni tupu yenye uwazi. Ukichonga unafika kwenye mfupa. Kuongeza unaweza: utepe mwembamba wa kuzungushia juu unaongeza kama nusu ngazi, ukizungusha miwili unapata ngazi nzima. Kupunguza, hapana. Ndiyo maana wauzaji wenye busara humwambia mtu aliye kati ya saizi mbili achukue ndogo. Lakini wa Karume hana saizi mbili. Ana iliyopo.

Hapo ndipo nilipomkumbuka fundi wa mipini ya majembe anayekaa njia ya kuelekea sokoni. Msomaji, umewahi kununua jembe? Jembe linauzwa bila mpini. Yale ya chapa ya mamba ya Chillington, yaliyotoka Wolverhampton, Uingereza, yalikuja chuma kitupu. Ya UFI, kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina, chuma kitupu. Mpini unautafuta mwenyewe, na hakuna mtu duniani anayenunua mpini wa jembe bila kuushika. Unauchukua kwenye lundo, unaukunja ngumi, unaurudisha, unachukua mwingine. Mama yangu alikuwa anashika hata sita. Kwa hiyo kutoka nchi ileile ya Uingereza zilitufikia zana mbili za mkono. Moja ikatuachia mpini tuuchonge wenyewe. Nyingine ikaja na mpini wake, na tukajifunza kushika shingo. Kiswahili kina msemo wake juu ya nani kashika mpini na nani kashika makali, nami siku zote niliusikia kama msemo wa siasa. Sikuwahi kufikiri juu ya mtu aliyekabidhiwa mpini na ukamshinda kufumbata.

Kabla ya kwenda kwa fundi nilikuwa na deni. Nilifika kwa jirani jioni, mama mtu anamenya mihogo uani.

"Karibu mwalimu. Amefanya nini tena?"

"Hajafanya kitu, dada. Mimi ndiye niliyefanya."

Binti akatoka, akaamkia, akasimama nyuma ya mama yake. Nikamwambia mbele ya mama yake, kama nilivyomsema mbele ya wenzake, kwamba nilikosea, mkono wake hauna kasoro na raketi ndiyo isiyo yake. Hakunielewa mara moja. Nikatoa rula. Kutoka mstari wa katikati wa kiganja hadi ncha ya kidole cha pete: haikufika sentimita 10. Raketi yangu ina mzunguko wa karibu 11 na robo tatu. Mama yake akaichukua rula, akajipima na yeye, akacheka: "Kumbe hata mimi namshinda kidogo tu."

Yangu tuliibandua ule utepe wa nje, ikapungua kidogo, lakini bado ilikuwa gogo. Mzee alipopata habari akaagiza niende kuchukua ile ya mbao. Nilikataa kwanza. Nikamwambia hiki ni kitu cha kuhifadhiwa, ngozi hii isiyochakaa na mbao hii nyeusi ni ushahidi, mtu angeweza hata kuandika. Akanitazama.

"Mwalimu, unataka makumbusho au unataka mtoto acheze?"

Fundi aliifungua ngozi taratibu kama anayefungua bandeji. Chini yake mbao ilikuwa nyeupe, safi, haijawahi kuguswa na mkono wa mtu tangu kiwandani. Akauliza swali ambalo muuzaji wa Karume hakuuliza, wala mimi sikumuuliza: "Nani atashika?" Binti akanyoosha mkono. Fundi akaushika kama anavyoshika wa wateja wake wote, akaupindapinda vidole, akasema haya. Hesabu ilikuwa ndogo. Kuondoa milimita kumi na tatu za mzunguko ni kuchonga milimita mbili tu kila upande.

Tulikaribia kuharibu kitu kimoja. Mpini wa raketi una pande nane, na fundi alizoea mpini wa jembe, ambao ni mviringo ili mkono wa mbele uteleze kwenda na kurudi. Alikwisha kuanza kuziua kona. Nikamsimamisha. Kona zile ndizo zinazoambia mkono nyuzi zimeelekea wapi bila jicho kuangalia, kwa sababu mpira ukija huna nafasi ya kutazama raketi. Alifikiri, akazungusha raketi gizani mwa kibanda huku amefumba macho, akasema, "Eeh. Kumbe inasema." Akazirudisha kona zote nane, akamalizia kwa kipande cha chupa, kama wanavyolainisha mipini yote. Ngozi ya zamani ilikatika alipoirudisha, kwa hiyo tulizungusha ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, mwembamba, uliovutwa. Alinitoza elfu tatu. Kwa mpini wa jembe anatoza zaidi.

Ni nzito, sitadanganya. Raketi za mbao ni nzito kuliko za sasa kwa kiasi cha kuumiza mtoto akicheza muda mrefu, na tumekubaliana acheze nusu saa, kwa mikono miwili upande wa kushoto. Mwaka 2022 Angella Okutoyi, msichana wa Kenya aliyelelewa na bibi yake Nairobi, alishinda Wimbledon kwa wasichana wawiliwawili pamoja na mwenzake wa Uholanzi, Rose Marie Nijkamp. Binti wa jirani anamjua kwa picha tu, kwenye simu ya mama yake. Swali lake la kwanza kwangu juu ya bingwa huyo lilikuwa: "Yeye anashika namba ngapi?" Nikamwambia sijui, tutatafuta.

Kiwiko changu kimetulia baada ya wiki sita za kupumzika, mazoezi ya kunyanyua chupa ya maji, na kusahihisha kwa alama ndogo zaidi. Raketi ya namba 5 imetundikwa ukutani.

Jioni ya kwanza mzee aliletwa na bodaboda, akawekewa kiti kivulini. Binti akaingia kwenye saruji, akashika raketi, na kwa mazoea ya miezi ile mkono wake ukapanda juu, mpaka kwenye ile mbao nyeusi.

"Shuka," mzee akasema. "Shuka chini, mjukuu wangu. Mpaka mwisho."

Akashuka. Nikapitisha kidole changu kwenye nafasi kati ya vidole vyake na kiganja. Kilikaa. Nikaenda upande wa pili wa kamba, nikamrushia mpira wa taratibu. Aliupiga katikati ya nyuzi, raketi haikugeuka hata kidogo, na mpira ukapita juu ya kamba, juu yangu, juu ya ukuta, ukaingia shamba la mihogo la mwenyewe hatumjui. Tuna mipira mitatu tu. Tuliutafuta wote, na mzee anatuelekeza kwa bakora toka kwenye kiti, mpaka adhana ya magharibi.